Tunahesabu vihamba, mabaharia wetu je?

Kwenye bango la ukoo wetu, lile la turubai tunalolitundika kila Krismasi, jina la babu yangu mdogo lilikuwa na kinyota. Ukishusha macho hadi chini kabisa, pale mchapaji alipobananisha herufi ili zienee, ungesoma maana yake: hakuacha mtoto. Si kweli. Aliacha wanne, wote wamezaliwa Uganda, kwenye mji mdogo wa bandari uitwao Namasagali, kando ya mto Nile. Mzee huyo, mdogo wake babu mzaa baba, mtoto wa Kilema aliyekulia kwenye migomba na maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, alikula mshahara wa meli za mtoni karibu maisha yake yote ya kazi.

Siandiki haya kuwasuta wazee wangu. Nimekaa kwenye vikao vya koo nyingi huku mlimani, za nyumbani na za ukweni Kibosho, na kasoro ni hiyo hiyo. Wachagga tunajisifu kwamba tunajua tulikotoka. Mtu atakutajia baba, babu na babu wa babu bila kumeza mate. Lakini msikilize vizuri. Anachokusomea ni orodha ya wenye vihamba, mashamba ya ukoo: nani alifyeka, nani alirithi, nani kazikwa chini ya mgomba upi, masale ya mpaka yalipandwa na nani. Aliyeondoka kutafuta riziki asirudi kujenga, huyo anapewa kinyota.

Mila yenyewe ndiyo inayozaa vinyota. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume hutafutiwa shamba, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati hujitegemea. Zamani walifungua pori juu au chini ya makazi. Ardhi ilipoanza kubana, wakashuka hadi stesheni. Babu mdogo alikuwa wa tatu kati ya wanaume watano. Hesabu yake ilikwisha kabla hajaota ndevu.

Na stesheni ilikuwepo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, Mwingereza naye akatandaza reli yake kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe ili abebe askari na mizinga. Vita ikaisha, reli ikabaki. Ghafla kijana wa Kilema, bila nauli kubwa wala pasipoti, aliweza kupanda behewa la daraja la tatu akaingia Kenya, akapita Nairobi, akapanda bonde akashuka bonde, mpaka Uganda. Reli ya Uganda ilipofika Kampala mwaka 1931 tayari ilikuwa imeungana na tawi la Busoga pale Mbulamuti, na tawi hilo mwisho wake ulikuwa gatini Namasagali. Huku nyumbani bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Mwaka 1937 kukatokea zile ghasia za kahawa ambazo wazee wa Moshi walizisimulia hadi tulipozichoka. Babu mdogo hakuzisubiri. Alikuwa ameshaondoka.

Haya nisingeyajua kama nisingekuwa karani wa masjala. Kwa wasiofahamu, masjala ni mahali majalada ya ofisi yanapolala, na karani wake ni mtu asiyekumbukwa na yeyote mpaka siku jalada linapopotea. Nilifanya kazi hiyo hadi nikastaafu. Inakuachia ugonjwa mmoja: ukipewa karatasi unaigeuza kwanza kuona nyuma na pembeni kumeandikwa nini, maana bosi akiamua jambo mara nyingi huliandika pembeni.

Nilikwenda parokia ya Kilema kutafuta cheti cha ubatizo cha marehemu baba, kwa ajili ya mirathi. Kilema ni misheni ya zamani; mapadre wa Roho Mtakatifu waliifungua mwanzoni mwa miaka ya 1890, na vitabu vyao vya ubatizo vimetunzwa kwa heshima ambayo ofisi nyingi za umma zingeionea wivu. Jina la baba tulilipata upesi. Kwa ugonjwa wangu ule, nikaomba na kitabu cha nyuma yake. Safu zimepigwa kwa rula, maneno ni ya Kilatini, wino umegeuka rangi ya mbege iliyolala. Nikamwona babu. Chini yake kidogo nikamwona babu mdogo. Na pembeni mwa jina lake, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, mstari mmoja na nusu: amefunga ndoa Kamuli, mwaka 1941, na jina la mwanamke, na jina la baba wa mwanamke.

Msomaji Mkatoliki anaufahamu utaratibu huu hata kama hajawahi kuufikiria. Ukifunga ndoa mbali na ulikobatizwa, paroko aliyekufungisha hupeleka taarifa kwenye parokia ya ubatizo wako, nayo huandikwa pembeni mwa jina lako. Lengo ni kuzuia mtu asioe mara mbili kanisani. Kwa mtafuta ukoo, pembeni pale ni dhahabu. Kamuli iko Busoga, mashariki mwa Uganda, wakati huo kwenye eneo la wamisionari wa Mill Hill. Padre mmoja wa huko, mwaka 1941, katikati ya vita kuu, aliandika barua, ikapita posta za nchi tatu, ikafika Kilema, na padre mwingine akachovya kalamu. Ukoo mzima tuliokaa kilomita chache kutoka kwenye kitabu hicho hatukupata kujua.

Nikaenda kwa shangazi, ambaye sasa kabaki peke yake kati ya waliomwona mzee akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake.

"Shikamoo shangazi. Babu mdogo alioa?"

"Marahaba mama. Ee, si alikuwa na mke wa huko kwenye meli."

"Na watoto?"

"Wanne. Alikuwa na picha yao kwenye sanduku."

"Sasa mbona miaka yote hii hamkusema?"

"Nani aliuliza?"

Shangazi ndiye aliyenitoa ujinga na kuhusu upondo. Nyumbani kuna mti mrefu mwembamba, umepakwa rangi pete kwa pete, nyekundu na nyeupe, ingawa nyeupe sasa imebaki kwa kubahatisha. Sisi tuliukuta ukitumika kuangulia maparachichi. Baba mdogo mmoja alitujaza kwamba ni kifaa cha mpima ardhi wa serikali kilichosahauliwa, na kwamba tukikutwa nacho tutafungwa, kwa hiyo tulikuwa tunaangua kwa wizi. Kumbe mzee alikuja nao kutoka mtoni. Shangazi anakumbuka jinsi alivyokuwa akiutumbukiza kwenye mfongo asubuhi, anasoma pete maji yalipoishia, anataja futi kwa sauti kubwa kama kwamba kuna mtu juu anasubiri jibu. Watoto walikufa kwa kicheko. Maji ya mfongo yalikuwa hayafiki hata futi moja.

Lakini kwenye Ziwa Kyoga ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nile ikitoka Jinja hushuka hadi Namasagali, halafu humwagika kwenye Kyoga, ziwa pana lisilo na kina, limejaa mafunjo, na visiwa vya majani vinavyoelea na kuhama usiku. Njia uliyopita juzi leo haipo. Meli ya kawaida ingekwama tumbo. Ndiyo maana walitumia meli bapa zenye gurudumu kubwa la makasia kwa nyuma, zikisukuma matishari yaliyofungwa mbele na ubavuni. Mbele kabisa walisimama mabaharia wenye pondo za kupimia, wanachoma maji, wanataja kina, na mshika usukani anageuza kwa kusikia namba zao. Nahodha Mzungu alikuwa na kofia na ramani, na ramani ile haikuwa na habari za kisiwa kilichohama jana. Matishari yalibeba pamba ya Lango, Teso na Busoga hadi gatini Namasagali, ikapakiwa kwenye mabehewa. Upande wa pili wa ziwa, Masindi Port, abiria walishuka wakapanda magari hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, wakapanda meli nyingine hadi Pakwach, na kutoka hapo nyingine tena hadi Nimule, mpakani mwa Sudan. Kutoka Nimule ni gari hadi Juba, kisha meli za Wasudani hadi ukaribie Khartoum. Kwa hiyo kati ya miaka ya 1930 na 1950 mtu aliweza kukata tiketi Mombasa akafika Cairo kwa reli, mto na gari, na sehemu ya safari hiyo usalama wake ulikuwa mikononi mwa kijana wa Kilema mwenye mti wa pete nyekundu na nyeupe.

Tazama meli zenyewe zilivyoitwa. Za Kyoga ziliitwa Speke, Stanley na Grant. Za Ziwa Albert zilikuwa Samuel Baker na Robert Coryndon, huyu wa mwisho akiwa gavana wa Uganda kisha wa Kenya. Ya Pakwach hadi Nimule iliitwa Lugard. Hakuna Mzungu aliyepita na daftari katika bonde lile ambaye hakupata chombo cha kubeba jina lake. Januari 1954 mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alipoanguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison, aliokolewa na meli iliyokuwa mtoni na watalii, ya shirika lile lile la reli na bandari lililoendesha meli hizi. Ikampeleka Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto. Magazeti ya dunia yalimtangaza marehemu kabla ya wakati wake na hadi leo kisa hicho kinaandikwa. Waliomvuta kutoka ukingoni wakampandisha chomboni, nani ana majina yao? Sina ugomvi na Hemingway. Nina ugomvi na sisi, maana Wazungu wamewatunza watu wao. Kutunza wa kwetu haikuwa kazi yao.

Maji ndiyo yaliyomrudisha babu mdogo nyumbani. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilijaza maziwa yote ya ukanda huu. Hadi 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, na Kyoga na Albert yakafuata. Magati yakazama, Butiaba ikaharibika, Robert Coryndon ikaishia kuzama hapo hapo bandarini, na shirika likafunga safari za mtoni moja kwa moja. Mzee akarudi Kilema na sanduku la bati, koti la mvua na upondo. Mke na watoto walibaki Busoga kwa wazazi wa mke. Kwa nini hakuja nao? Shangazi alinijibu kwa swali: angewaweka wapi? Alipewa kachumba pembeni ya nyumba ya kaka yake. Kihamba hakuwa nacho, na mtu asiye na kihamba haleti mke kutoka mbali akamdhalilishe.

Aliandika barua, na barua zilijibiwa. Akafariki mwaka 1976. Miezi michache baadaye, Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo wa 1977. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, na sisi na Uganda ya Amin tukawa tunatazamana kwa mtutu. Mtoto wa marehemu aliyekuwa Namasagali wakati ule angepitia wapi kuja kujitambulisha, kuja hata kuuliza kaburi? Ukoo ulipokaa miaka ya 1990 kuandika bango la kwanza, kimya kile kilichotengenezwa na serikali tatu kikasomwa kuwa utasa wa mtu mmoja.

Nilikwenda. Namasagali leo ina tawi la Chuo Kikuu cha Busitema, na kabla yake palikuwa na shule maarufu iliyofunguliwa kwenye majengo ya bandari. Vipande vya gati bado vimesimama majini na wavuvi wanafungia mitumbwi yao hapo. Kati ya watoto wanne wamebaki wawili. Wa mwisho ni mama mtu mzima, mrefu, mwenye pua ya kwetu, anayesema Kiswahili cha watu wa reli, kile chenye maneno machache yaliyonyooka. Kwa mila yule ni shangazi yangu, kwa hiyo nikampigia goti nilivyofunzwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli kwetu maji yanatembea ubavuni mwa mlima bila kumwagika. Baba yake aliwasimulia mifongo nao wakadhani ni hadithi za kulalia.

Akanitolea cheti cha utumishi cha baba yake, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sukari: jina, namba ya kazi, kituo, na cheo, mshika usukani. Alianza na upondo akamalizia kwenye usukani. Halafu akanihesabia ukoo. Alianza na baba yake akapanda juu, jina baada ya jina, matamshi ya Kichagga yakigongana na Kisoga, akalipita jina la juu kabisa kwenye bango letu na kuongeza moja. Baba yao aliwakaririsha jioni gatini, alisema, ili wasipotee. Yule tuliyemwandikia kwamba hakuacha mtoto alikuwa ameacha darasa zima, na darasa hilo lilijua ukoo wetu kuliko kamati yetu ya ukoo.

Niliporudi nikaomba nafasi kwenye kikao. Nikaeleza, nikapitisha picha. Hakukuwa na shangwe. Kulikuwa na ukimya wa watu wanaopiga hesabu, mpaka mzee mmoja akauliza kile wote walichokuwa nacho moyoni: "Sasa hao wanataka nini?" Mwingine akanikumbusha kwa upole kwamba mimi ni binti, nimeshaolewa, mambo ya ukoo yana wenyewe.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Hatuwasahau watu wetu kwa sababu tuna vichwa vibovu. Tunawasahau kwa sababu kila jina jipya linasikika kama mdai wa robo eka. Na robo eka ndiyo iliyobaki; kihamba kilichomlisha babu na ng'ombe wake leo kimekatwa vipande ambavyo ukisimama kwenye mlango wa kimoja unasikia chungu kinachochemka kwenye kingine. Naielewa hofu hiyo. Lakini ni hofu isiyo na miguu ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji. Sheria ya Ukomo inampa anayedai ardhi miaka 12, na hapa tunazungumzia mtu aliyefariki 1976 bila hata tuta moja kwa jina lake. Shangazi wa Namasagali hana cha kutunyang'anya. Ana mashamba ya mume wake na maembe yanayooza chini kwa wingi. Alichotaka ni kuona kaburi.

Kuna watakaoniambia mambo ya nasaba sasa ni ya maabara. Kweli tumeona maajabu. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyochunguzwa, matatu yamepatikana jamaa zao walio hai hapa Tanzania kwa kipimo cha vinasaba. Moja liliandikwa jina la Akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi. Meli mwenyewe alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mjukuu wake, Isaria Meli, ametumia miongo ya maisha yake kuulizia fuvu la babu. Naunga mkono kazi hiyo kwa asilimia mia. Mafuvu yarudi. Ila mangi ana watu wa kumtafuta, ana wanahistoria, ana mabalozi. Wachoma kuni wa meli, watandika reli, wapishi wa mabwana shamba, wapagazi wa vita vya wengine, hao maabara haiwahusu. Wanahitaji mtu mmoja wa ukoo aombe kitabu cha nyuma yake.

Vitabu vipo. Wakatoliki wana Kilema na Kibosho. Walutheri wana Machame, Mamba na Old Moshi, misheni zilizoanza miaka ile ile ya 1890. Naziomba parokia na sharika hizi zipige picha vitabu vya kabla ya 1961, ukurasa kwa ukurasa pamoja na pembeni zake, kabla mchwa na paa linalovuja havijatutangulia. Simu aliyonayo kijana yeyote wa kwaya inatosha kwa kuanzia.

Kwa serikali nina ombi gumu kidogo. Mei 1984, hapa jirani Arusha, nchi tatu zilitia saini mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila mtu anakumbuka meli gani ilibaki kwa nani; Victoria ilibaki kwetu Mwanza. Sijamsikia mtu akiuliza majalada ya watumishi yalibaki kwa nani. Wastaafu wa Jumuiya waliohangaika na mafao yao hadi mahakamani wanaijua thamani ya karatasi moja yenye namba ya kazi. Tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na tuna sheria ya mwaka 2002 inayofungua kumbukumbu za umma baada ya miaka 30. Idara ikae na wenzake wa Nairobi na Kampala, itengeneze orodha moja ya majina ya waliofanya kazi kwenye reli, bandari na meli za Afrika Mashariki: jina, namba, kituo, mwaka wa kuingia na wa kutoka. Jumuiya mpya inazungumza sana juu ya undugu wa wananchi. Undugu huo umeshaandikwa, uko kwenye majalada ya mishahara.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya kale. Watoto wetu wa katikati wa leo wanaendesha malori hadi Lubumbashi, wanafanya kazi za ndani Muscat, wanasukuma vitoroli kwenye maghala ya Uingereza. Baadhi watazaa huko na hawatarudi kujenga. Kikao cha ukoo kinawafahamu kwa kitu kimoja tu, mchango, na mchango ukikatika na jina linaanza kufifia. Binti ndiye kabisa: kwenye mabango mengi mstari wake unaishia kwenye neno "kaolewa", kama aliyetumbukia kisimani.

Bango letu limechapwa upya. Kinyota kimetoka, majina manne yameingia, na wajukuu wao kwa wingi wao. Mke wa Kamuli hayumo. Wake wote hawamo, kwa kweli, akiwemo bibi aliyelima hicho kihamba tunachokilinda. Nimeshawaandikia kamati, kwa maandishi, na nakala nimeweka.

Shangazi wa Kilema ana miaka 91 na kumbukumbu zake bado ni kali. Kama kwenu yuko mtu wa umri huo, msomaji, usisubiri Desemba wala kikao. Nenda wiki hii na daftari, mwulize nani aliondoka, alikwenda kufanya kazi gani, kwa nani, na huko alioana na nani.